Hesabu za Bundi wa Ghalani

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, Morogoro)



Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa maghala, na hasa juu ya ule upungufu wa mazao ambao katika madaftari yetu huandikwa kwamba umesababishwa na panya. Yamkini wengi wenu mlitazamia nije na fomu mpya. Fomu sikuja nazo. Nimekuja na kopo hili, na ndani yake yamo matonge makavu yaliyotemwa na bundi. Namwona Ndugu mmoja pale nyuma amekwisha kusogeza kiti chake. Asiwe na hofu, yamekauka siku nyingi, na hayatauma.

Kazi yangu ni kukagua hesabu. Katika kazi hiyo nimejifunza kwamba mtu aweza kusema lolote apendalo, lakini stakabadhi husema lile lililotendeka. Bundi ni kiumbe ambaye kila usiku huenda kazini, na kila asubuhi huacha stakabadhi chini ya mahali anapolala. Ni sisi tu ambao hatukuzoea kuisoma. Badala ya kuisoma tumemwita ndege wa uchuro, tukamrushia mawe, tukawasha moto chini ya kiota chake, na mara nyingine, jambo baya zaidi, tukamtafuta binadamu wa kumbebesha lawama ya kumleta. Juu ya hilo nitasema baadaye.

Kwanza tufahamu tonge hili ni kitu gani. Wako wanaodhani kuwa ni kinyesi. Kinyesi cha bundi ni majimaji meupe kama chokaa, nanyi mmekiona kwenye kuta za maghala. Tonge ni jambo jingine. Bundi hana meno ya kutafunia. Akimkamata panya wa kadiri humeza mzima mzima, kichwa kikitangulia. Tumbo lake lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hutoa maji makali ya kuyeyushia chakula. Ya pili ni firigisi. Nyama huyeyuka na kupita kwenda matumboni. Mifupa, manyoya, kucha na magamba ya wadudu haviyeyuki, bali huzuiliwa katika firigisi na kushindiliwa pamoja hata vikawa donge moja, mifupa ikiwa ndani na manyoya yakiifunika kwa nje. Baada ya saa kadhaa donge hilo hupanda juu, na bundi hulitema kwa kinywa. Asipolitema hawezi kula vizuri tena, kwa kuwa njia imezibwa.

Mwewe na tai nao hutema matonge, lakini asidi ya matumbo yao ni kali zaidi, kwa hiyo mifupa mingi huliwa humo. Bundi humrudisha panya akiwa mifupa mikavu, lakini fuvu lake, mataya yake na hata vidole vyake vimo. Ndiyo sababu wanasayansi humpenda. Wa kwanza kufanya kazi hii kwa utaratibu walikuwa watu wa Ulaya katika karne ya 19, na katika nchi yetu matonge ya bundi wa Serengeti yalichunguzwa na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1971 katika jarida la chama cha historia ya asili cha Afrika Mashariki. Hata kule Oldupai, ambako watu wa dunia nzima huja kutazama mifupa ya kale, yapo malundo ya mifupa midogo ya panya na kirukanjia yenye umri upatao miaka milioni 1.8, na wataalamu wanaona kuwa sehemu yake ililetwa na bundi waliokuwa wakitema matonge pale pale siku zote. Stakabadhi za namna hiyo, Ndugu zangu, hata ofisi yetu haina.

Bundi ninayemsema ni yule mwenye uso mweupe ulioumbwa kama moyo, mgongo wa rangi ya kijivu na ya mchanga, na miguu mirefu. Huyu ndiye apendaye majengo: maghala, makanisa, misikiti, madarasa yaliyoachwa, pamoja na mashimo ya miti mikubwa. Hana ule mlio mzito wa bundi wa hadithi. Yeye hupiga ukelele mkali wenye kukwaruza, na makinda yake hukoroma usiku kucha kama mtu mzima aliyelala chali. Mlinzi mmoja wa ghala aliniapia kwamba juu ya dari analala mtu. Huku kwetu tunaye pia bundi mkubwa wa misituni, ambaye hupatikana katika milima ya Usambara na katika Uluguru yetu, lakini huyo hana haja na maghala ya ushirika na wala hatumo katika mambo yake.

Sasa, jinsi ya kulisoma tonge. Tonge bichi la bundi huyu ni jeusi na linang'aa kama lililopakwa vanishi. Urefu wake hukaribia kidole gumba, na mara nyingine huzidi. Likauke kwanza juani. Kisha liloweke katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ndani ya sahani nyeupe, ulichambue taratibu kwa miiba miwili au kwa kibano. Yafaa kuvaa glavu na kufunika pua, kwa maana vumbi la manyoya ya panya si vumbi la kuvuta, na baada ya kazi kunawa mikono kwa sabuni ni lazima. Sahani hiyo isirudi mezani. Nalisema hili kwa sababu nimeona sahani ikirudi mezani.

Ukiisha kutoa manyoya, tafuta mafuvu na mataya. Hapo ndipo mali ilipo. Mbavu na mifupa ya miguu waweza kuviweka kando. Jamii ya panya utaijua kwa meno mawili ya mbele, marefu, yaliyopinda kama patasi, aghalabu yenye rangi ya chungwa kwa mbele. Halafu pana nafasi tupu isiyo na jino lolote. Kisha ndipo magego huanza. Kirukanjia hana nafasi hiyo. Meno yake ni madogo, makali, yamefuatana tangu mbele hadi nyuma bila kuachana, maana yeye si mla nafaka, ni mla wadudu. Mwanachama anayemwua kirukanjia akidhani amemwua mwizi wa mahindi amemwua mlinzi wake mwenyewe, na bundi anapomla kirukanjia, hilo ni deni tunalopaswa kumwandikia. Popo ana fuvu fupi na meno ya chonge kama ya mbwa mdogo sana. Ndege utamjua kwa mdomo. Panzi na kumbikumbi huacha vipande vya magamba vinavyong'aa.

Tena jamii ya panya yenyewe si moja. Fuvu la panya wa darini, yaani yule mweusi mwenye mkia mrefu anayepanda kuta na boriti, hukaribia sentimita 4 kwa mkubwa wake. Fuvu la panya shamba ni dogo, hukaribia sentimita 3 au hupungua. Yupo na mwingine wa mbugani ambaye meno yake ya juu ya mbele yana mfereji uliochongwa kwa urefu, na huo huonekana hata kwa macho matupu kama mchana ni mzuri. Mkikwama, mjini Morogoro tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimekuwa na watafiti wa panya kwa miaka mingi, na mwenye fuvu mkononi hatakosa pa kuuliza.

Katika kuhesabu, kuna kosa ambalo karani mgeni hulifanya, nalo ni kuhesabu kila mfupa kama mnyama mmoja. Fanya hivi: tenga mataya ya chini ya upande wa kushoto na ya upande wa kulia. Ukipata ya kushoto 5 na ya kulia 4, na mafuvu 3, basi panya hawapungui 5. Huandiki 12, wala hugawi kwa mbili. Unaandika idadi iliyo kubwa kati ya hizo, kwa sababu kila panya ana taya moja tu la kushoto. Watu wa hesabu mnaona kwamba hii ni kanuni ile ile ya kulinganisha hati ya upokeaji na leja.

Nisidanganye kwamba tonge hujibu kila swali. Hueleza kilicholiwa, halielezi kilichobaki. Bundi hukamata kile kinachopatikana kwa urahisi mahali anapowinda, na aghalabu huwinda juu ya mashamba yaliyo wazi na kando ya njia. Kwa hiyo matonge mia ya bundi mmoja ni habari za eneo la bundi huyo, si za wilaya nzima. Na matonge ya zamani yaliyorundikana pamoja huchanganya kiangazi na masika, kama karani aliyetupa risiti zote katika gunia moja bila tarehe.

Niingie sasa katika jambo lililonifanya niyachukue matonge haya.

Katika chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja kwa kuwa shauri lake ni la wanachama wake, upande wa chini wa milima kunakolimwa mahindi na ufuta, ghala lilikutwa na upungufu wa mahindi. Katibu alikuwa ameandika neno moja: panya. Wanachama hawakuridhika, na walikuwa na haki. Lakini kutoridhika kwao kulikwenda njia mbili. Kundi moja lilitaka katibu asimamishwe siku ile ile. Kundi la pili lilisema upungufu si wa kawaida, kwa sababu tangu mwaka uliotangulia bundi wawili walikuwa wamehamia katika pembe ya paa la ghala, na kabla ya hapo walikuwa wakionekana juu ya mwembe wa bibi mmoja mjane, mwanachama wa siku nyingi, ambaye shamba lake linapakana na kiwanja cha chama. Mmenielewa neno hilo lilikuwa likielekea wapi. Nchi yetu imekwisha kuzika wazee wengi, hasa akina mama, waliouawa kwa tuhuma za namna hiyo hiyo, na hakuna hata mmoja wao ambaye kesi yake ilianza na panga. Zote zilianza na maneno kama yale niliyoyasikia mkutanoni.

Nilimwomba Mwenyekiti ahirisho la siku chache. Nikamwomba mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi ya pale anisaidie, akaja na wanafunzi wake wanne na sahani. Tukaokota matonge yote yaliyokuwa chini ya boriti, tukatenga mabichi na ya zamani, tukayachambua barazani mbele ya kila aliyetaka kutazama. Siku ya kwanza walikuja watoto. Siku ya pili walikuja na wazazi wao, wakasimama mbali. Siku ya tatu mjumbe mmoja wa kamati, ambaye alikuwa msemaji mkubwa wa lile kundi la pili, aliketi akachukua mwiba akaanza kuchambua mwenyewe, na alipotoa mafuvu matatu ndani ya tonge moja alinyamaza muda mrefu.

Tulichokiona ni hiki. Sehemu kubwa ilikuwa panya shamba. Kirukanjia walikuwapo, si haba. Panzi walikuwapo kidogo. Panya wa darini walikuwa wachache mno. Hapana kitambaa, hapana nywele za mtu, hapana hirizi, hapana chochote cha yale yaliyokuwa yakinong'onwa.

Watu walifurahi, wakasema bundi ameshinda kesi. Mimi niliwaambia wangoje, kwa sababu stakabadhi hizo zilikuwa na upande wa pili. Kama bundi alikuwa akila panya shamba zaidi, basi alikuwa akiwinda nje, mashambani. Ghala hakulilinda. Wale panya wa darini wachache waliokuwamo katika matonge hawakuthibitisha kwamba ghala lina panya wachache, wala kwamba lina wengi. Kwa swali hilo ilibidi tuingie ndani tukatazame magunia, na tulipotazama tulikuta yaliyotobolewa ni machache, na mavi ya panya hayakulingana na mzigo uliosemekana kuliwa. Panya akila gunia huacha makapi, vumbi na uchafu. Hali gunia akaondoka nalo. Kwa hiyo neno "panya" katika daftari lile halikuweza kusimama peke yake.

Tukaendelea. Mahindi yalipokewa yakiwa na unyevu, yakapimwa yakiwa mazito, na miezi michache baadaye yakapimwa yakiwa makavu. Mahindi hunyauka, Ndugu zangu. Uzito wa maji uliondoka bila mwizi na bila panya, lakini haukuandikwa popote. Mizani nayo haikuwa na muhuri wa karibuni wa Wakala wa Vipimo. Mambo hayo mawili yalieleza sehemu ya upungufu. Sehemu nyingine haikupata maelezo, na katika ripoti yangu nimeandika hivyo hivyo, kwamba haikupata maelezo. Katibu hakusafishwa wala hakuhukumiwa. Shauri lake lipo mbele ya kamati yake kwa utaratibu wa masharti ya chama. Najua wapo waliotaka nimalizie kwa namna iliyo safi zaidi. Mkaguzi hana ruhusa ya kumalizia pasipo hati.

Yule bibi mjane alikuja siku ya mwisho. Alitazama sahani, akauliza fuvu lile dogo ni la nani, tukamwonyesha meno. Akasema, "Mwanangu Mkaguzi, huyu ndiye aliyefukua mbegu zangu mara mbili mwaka huu. Kumbe kuna mtu aliyekuwa akinilipia." Akaenda zake nyumbani, na hakuna aliyemfuata.

Maneno yake juu ya mbegu yanastahili kutuliwa, maana panya shamba ndiye adui mkubwa wa mkulima wa mahindi katika mkoa huu. Wataalamu wamekadiria kwamba hasara ya mahindi itokanayo na panya Tanzania ni kati ya asilimia 5 na 15 kwa mwaka, na katika mwaka wa mlipuko huzidi hapo katika baadhi ya mashamba. Hufukua mbegu katika siku za kwanza baada ya kupandwa, hula mche ungali mchanga, hurudi mahindi yakikaribia kukomaa. Jike hubeba mimba siku zipatazo 23 na huzaa wastani wa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo. Mwenye mifugo ahesabu mwenyewe.

Lakini panya huyu ana utaratibu wake, na utaratibu huo umesomwa hapa hapa Morogoro. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Tanzania wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji waliwatega, wakawatia alama, wakawaachia na kuwatega tena, mwezi hadi mwezi, katika viwanja vya Chuo. Waligundua kwamba kuzaa kwake hufuata mvua. Kwa kawaida huanza kuzaa masika zinapoendelea, na wingi wake hufikia kilele katika miezi ya mwisho ya mwaka. Lakini mvua za vuli zikinyesha kwa wingi, huanza kuzaa mapema, mwanzoni mwa mwaka, na watoto hao nao huwahi kukua na kuzaa katika msimu ule ule. Hapo ndipo mlipuko hutokea baadaye mwaka huo. Mwaka 1996 walichapisha maelezo ya jinsi ya kutabiri milipuko kwa kutazama mvua za vuli. Maana yake kwetu ni kwamba chama kinachoandika kipimo cha mvua cha Novemba na Desemba kina dalili mkononi miezi mingi kabla mwanachama hajalia.

Hapa naona matonge yangeweza kusaidia, na haya ni maoni yangu mwenyewe. Mkichambua matonge mabichi ya Januari na Februari, mkakuta mafuvu madogo mengi yenye magego yasiyolika, yamkini panya wameanza kuzaa mapema. Mfano mmoja si ushahidi. Lakini chama kikifanya hivyo kwa miaka mitano na kuandika tarehe, kitakuwa na daftari ambalo hata Chuo kitalitaka.

Je, bundi atatumalizia panya? Swali hili huulizwa kila mahali, na jibu langu huwaudhi wanaompenda bundi sasa kama vile lilivyowaudhi waliomchukia zamani. Katika utafiti uliofanyika katika mashamba ya mahindi ya Morogoro na kuchapishwa mwaka 2006, viwanja vingine vilifunikwa kwa nyavu ili ndege na wanyama wawindaji wasiingie, na vingine vikawekewa miti ya kutulia na masanduku ya viota ili ndege waje. Pale wawindaji walipozuiwa, panya waliongezeka upesi zaidi na kilele chao kikawa juu zaidi. Basi wawindaji wana kazi wanayoifanya. Lakini shamba halina ukuta: panya akiliwa hapa, mwingine huhamia kutoka kwa jirani. Bundi hupunguza makali, hamalizi. Jozi moja yenye makinda manne au matano hukamata panya wengi kila usiku kwa muda wa miezi miwili hivi. Halafu makinda huruka, na kasi hupungua.

Penginepo wamekwenda mbele kuliko sisi. Huko Malaysia, katika mashamba makubwa ya michikichi, masanduku ya bundi yametumika tangu miaka ya 1970 na 1980, na matonge yaliyochunguzwa huko yalikuwa na panya karibu matupu. Huko Israel wakulima walianza mwaka 1983, na baadaye wenzao wa Jordan, upande wa pili wa mpaka, wakajiunga, maana bundi havuki kwa pasipoti. Wenzetu hao hawakutegemea bundi peke yake. Walipunguza sumu pia, na hilo ndilo jambo ninalotaka makatibu wanaoagiza pembejeo walisikilize kwa makini.

Sumu za panya tunazosambaza si za namna moja. Zinki fosfaidi huua upesi, na nyingi ya nguvu yake huisha ndani ya panya mwenyewe. Lakini zile za kuzuia damu isigande, kama vile bromadiolone na brodifacoum, huua baada ya siku kadhaa, na katika siku hizo panya huzunguka akiwa mlegevu, na sumu imo katika ini lake. Ni nani atakayemkamata kwanza panya mlegevu? Bundi. Hula wa leo, wa kesho na wa keshokutwa, kisha siku moja mlinzi humkuta chini ya boriti amekufa, na kijiji husema mchawi ameshindwa. Ikiwa chama kina bundi katika ghala au karibu yake, sumu ya namna hiyo isimwagwe ovyo mashambani. Itumike kwa ushauri wa bwana shamba, ndani ya makopo yaliyofunikwa, na mizoga iokotwe kila asubuhi na kufukiwa.

Ghala lenyewe ni kazi yenu, si ya ndege. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita. Matundu ya chini ya mlango yazibwe kwa bati. Nyasi zinazozunguka ghala zifyekwe. Mchele uliomwagika ufagiliwe jioni, si Jumamosi. Bundi asiachwe kukaa juu ya mazao, kwa maana kinyesi chake huharibu magunia na mnunuzi atayakataa; lakini asifukuzwe akiwa na makinda. Ngojeni yaruke, kisha zibeni upenyo kwa wavu, na kwa nje, upande usio na mvua, juu pasipofikiwa na watoto, tundikeni sanduku la mbao lenye tundu la kuingilia na sakafu pana. Fundi seremala wa kijiji analiweza kwa mabaki ya mbao. Bundi hulitia machoni muda mrefu kabla ya kuingia; chama kisikate tamaa kwa mwezi wa kwanza.

Vyama vitakavyopenda kukusanya matonge vikusanye mara moja kwa mwezi, siku ile ile ya kuhesabu mali ghalani. Kwanza fagieni ya zamani yote, ili yale mtakayoyakuta mwezi unaofuata yawe ya mwezi huo. Yakaushwe juani, yafungwe katika bahasha au karatasi ya gazeti. Yakifungwa penye unyevu huota ukungu, na viwavi wa nondo hula manyoya hata tonge likabomoka. Juu ya bahasha pawe na jina la chama, mahali yalipookotwa, tarehe, na sahihi ya aliyeokota. Zile zisizo na tarehe nitazirudisha kwa mwenyewe.